Ruzuku Ndogo na Daftari Letu

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumezoea kuwaambia watoto wawekao akiba zao kibubuni, lakini leo nataka kuielekeza kwetu sisi watu wazima, na khasa wenzangu wa pwani tangu Vanga hadi Kiunga, katika jambo ambalo wengi wetu twalitazama kama si letu. Nazo ni zile fedha chache zitolewazo kwa vikundi vya vijijini ili watu wajifunze na kuchunguza mazingira yao wenyewe: bahari, mikoko, misitu na visima.

Fedha hizo huitwa ruzuku ndogo. Mashuhuri zaidi ni zile za Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ambao mpango wake wa ruzuku ndogo ulianza mwaka 1992 chini ya usimamizi wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kwa miaka mingi kikundi kimoja hakikuweza kupewa zaidi ya dola 50,000 za Marekani. Mbele ya mamilioni ya kujengea bandari na reli, hicho ni kitu cha kuchekwa. Lakini natuangalie kimefanya nini.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Zamani jirani zake wengi walikuwa wakiulaani, kwani ndovu na nyani walitoka humo wakaja kula mahindi yao, na kila mmoja akitamani msitu ukatwe wapate mashamba. Mwaka 1993 ukaanzishwa pale Gede, kando ya magofu, mradi wa Kipepeo, nao ulianza kwa ruzuku ndogo. Wakulima wakafunzwa kufuga viwavi hadi wajifunge katika maganda yao, na maganda hayo yakauzwa Uingereza na Marekani kwa wenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Kazi hii haiwezekani bila ya uchunguzi: ni lazima ujue kipepeo gani hula majani ya mti gani. Na wazazi wa vipepeo hao hutoka msituni. Msitu ukiisha, biashara imekwisha. Mkulima aliyefahamu hayo hahitaji askari wa kumzuia shoka.

Njooni sasa upande wa Kwale, kijiji cha Gazi. Hapo mikoko ilikatwa kwa boriti na kwa kuni za viwanda hata ikabaki fukwe tupu. Watafiti wa bahari na wanakijiji wakaanza kuipanda upya, na mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja katika hekta 117, kwa faida ya Gazi na Makongeni. Mkoko huvuta hewa ya ukaa na kuifukia katika tope kwa miaka mingi. Wakipima miti yao kwa uangalifu, wanakijiji huweza kuuza hifadhi hiyo. Mapato yakaingia katika maji ya mfereji na vitabu vya skuli. Na kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua kufunga kipande cha bahari yao, yapata hekta 30, kisivuliwe, na samaki wakarudi. Mwaka 2017 Gazi na Kuruwitu wote wawili walipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Najua wako wanaosema: Hizi ni hila za wageni, leo wanunua hewa, kesho watachukua ardhi. Mimi siwacheki watu hawa. Watu wa pwani wameonjeshwa mengi katika mambo ya ardhi, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini dawa ya shaka hiyo si kukaa barazani tukinung'unika. Dawa yake ni kulishika daftari sisi wenyewe. Mwenye kujua idadi ya miti yake, na kima cha samaki wake, na bei yake, si rahisi kudanganywa.

Hapa ndipo penye lawama yangu, nayo nailekeza pande mbili. Kwanza ni kwa watoao fedha. Nimeona fomu ya maombi iliyoletwa katika kijiji kimoja cha wavuvi, kurasa kumi na kitu, Kiingereza kitupu. Nahodha ajuaye kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, atenganishaye mkandaa na muia kwa gome tu, akaambiwa atafute kijana wa kumwandikia. Basi elimu ni ya nani? Na wanafunzi wa vyuo huja, wakauliza, wakaandika, wakaenda zao; kitabu husomwa ng'ambo na aliyeulizwa asijue alisema nini. Nasema fomu ziandikwe kwa Kiswahili, na matokeo ya kila uchunguzi yarudishwe kijijini, yasomwe mbele ya watu kwa lugha yao.

Pili ni kwetu sisi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vingi havikuuawa na ukosefu wa fedha. Viliuawa na mwenyekiti asiyetoa hesabu. Fedha ya umma ni amana, na kuila amana twajua sote hukumu yake.

Wala tusidhani kuwa mambo haya yako mbali na dini. Kule Pemba, katika kisiwa cha Misali kilichotangazwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi walikuwa wakitumia baruti. Mwaka 1999 yakaanzishwa mafunzo yaliyowakutanisha wavuvi na walimu wa dini, wakaelezwa kuwa mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi, si mwenye mali. Maneno hayo yaliwaingia wengi kuliko amri za serikali. Je, madrasa zetu za Lamu, Mombasa na Msambweni zashindwaje kumpeleka mtoto mara moja kwa mwezi pwani, akahesabu miche ya mikoko, akaandika?

Zaidi ya hayo, milango ya wageni yaanza kufungwa. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, na miradi mingi ya Afrika ikaachwa katikati ya njia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Babu zetu walijenga misikiti, visima na vyuo kwa wakfu, wala hawakujaza fomu ya mtu. Mnazi mmoja ulioandikwa wakfu ulitosha kununulia mafuta ya taa ya msikiti. Nashauri kila mji wetu uwe na wakfu mdogo wa mazingira: duka moja, au minazi kumi, mapato yake yamlipie kijana daftari, kamba ya kupimia na nauli, na kila mwaka asimame baada ya sala ya Ijumaa atusomee alichokiona.

Kisima kilichochimbwa leo kikinywewa na wajukuu, thawabu yake haikatiki kwa aliyekichimba. Mkoko nao ni hivyo hivyo. Wabillahi tawfiki.