Motokari bila turbo nayo inaua

Juma lililopita kijana mumoja wa kazi alikuja kuniona ku biro ya sendika. Alitaka tumusaidie kuomba avansi ya mushahara. Jirani yake anauza Toyota Altezza ya okazioni, na wengine wako wanaizunguka. Nikamuuliza: "Mudogo, permi iko?" Akajibu: "Yaya, niko najifunza bado. Lakini usiogope, ile haina turbo."

Neno hilo nimelisikia mara mingi, Kolwezi, Likasi, mpaka Lubumbashi. Vijana wetu wanafikiri turbo ndiyo inaua, na motokari ya mbio isiyo na turbo ni gari ya mwanafunzi. Tuongee juu ya hiyo, maana sendika haichungi watu paka mu karieri.

Kwanza tuseme ukweli wa mashini. Turbo ni kifaa kidogo kinachozungushwa na moshi wa moteri. Kinasukuma hewa mingi ndani, na nguvu inakuja kwa gafula. Moteri bila turbo inapandisha nguvu pole pole: unakanyaga kidogo, inajibu kidogo. Kwa mwenye kujifunza ni kitu kizuri. Na mekanisie atakuambia kama kuna kitu kimoja kidogo cha kuharibika. Hapo kijana ana haki.

Lakini ile Altezza yenye moteri 3S-GE, litre 2, silinda 4, bila turbo, ilitoka Japani na nguvu za farasi kama 200. Nguvu yenyewe inakaa juu, kupita mizunguko 7.000 ku dakika. Kijana akitaka kuisikia, sherti aifuate kule juu, na akiipata, mwendo umekwisha kuwa mukali. Tena ni magurudumu ya nyuma yanasukuma. Mvua ya kwanza inaponyesha, lami iko na vumbi na mafuta ya malori, mukia wa gari unatoka kwa urahisi. Mwenye kuzoea ataurudisha. Mwenye kujifunza atakamata freni kwa woga, na hapo hapo gari inamuponyoka.

Hesabu nayo ni hii. Ku mwendo wa km 60 ku saa, unapita karibu metre 17 ku segonde moja. Ku 120, unapita metre 33. Na urefu wa kusimama kwa freni hauongezeki mara 2, unaongezeka mara 4. Turbo haimo mu hesabu hiyo.

Kuna na volanti. Gari mingi za Japani ziko na volanti kuume, na sisi Kongo tunapita kuume. Ku barabara ya Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, kama km 300, mbele yako kuna lori la shaba. Ili uone kama njia iko wazi, sherti utoe nusu ya gari mu njia ya wale wanaokuja. Rafiki yako aliyeketi kushoto ndiye anaona kwanza. Maisha yako yako mu macho ya mutu asiyeshika volanti.

Sasa nauliza vijana: mu karieri, nani anapanda bene siku yake ya kwanza? Hakuna. Unafundishwa, unaketi pembeni ya mwenye kujua, unapimwa, unapewa permi ya ndani, na ukipita mwendo ulioandikwa wanakunyanganya. Tulipigania masharti hayo kwa sababu tulizika watu. Lakini ukisha kuvua kaske ku mulango wa kampuni, unaenda kununua permi ya barabara kama vile mukate. Kuna wanaoipata mbele ya kugusa volanti.

Simukatazi mutu kununua gari nzuri. Ni jasho lake. Sisi tulianza na kinga, yeye anataka kitu cha kumufurahisha, na si zambi. Lakini kuna utaratibu. Anza na gari ndogo, Vitz ao nyingine, pamoja na mwalimu, muchana, usiku, na mu mvua. Mbele ya kulipa, angalia pine: ku ubavu kuna namba 4 za mwisho. Kama ni 2314, ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Pine ya zamani inaweza kungaa na imekwisha kukauka.

Kampuni ziko na walimu wa shofere wa bene. Wafundishe na vijana siku moja ya juma kuendesha inje. Komite ya usalama na usafi iweke barabara ku meza, pamoja na milipuko na vumbi. Serikali nayo: sheria yetu ya barabara ni ya mwaka 1978, na hata hiyo ya zamani ingetosha kama kila permi ingetolewa nyuma ya kipimo cha kweli mu barabara.

Avansi ya yule kijana sikuisaini. Nilimuambia arudi na permi aliyoipata kwa kuendesha, nitasaini siku ile ile. Alitoka na hasira, hakuniaga. Afazali anikasirikie, akiwa muzima.