Wazo la wapagazi, sifa za wakubwa

Oktoba 1873, Chuma na Susi walifika Kwihara, jirani na Tabora, wakiongoza msafara uliobeba maiti ya mwajiri wao, David Livingstone. Afisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, akawashauri wamzike hapohapo. Walikataa.

Mbele yao kulikuwa na vijiji visivyotaka maiti ipite. Msafara ukabuni hila: mzigo wa mabua ukafungwa kama maiti na kurudishwa kuelekea Unyanyembe, eneo la Tabora walikotoka, huku maiti yenyewe ikiviringishwa upya mithili ya robota la nguo. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo.

Hakuna mkubwa aliyeagiza hayo. Waliojua njia ndio waliopata ufumbuzi. Hata hivyo, Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874, Chuma na Susi hawakuwapo.

Ofisi nyingi bado zina tabia hiyo ya kuwasahau wenye wazo. Mhudumu wa mapokezi anajua kwa nini foleni haisogei, dereva anajua mafuta yanapotelea wapi, ila kikaoni wanaitwa kupokea maagizo tu. Mwajiri aanze kwa kuwauliza, kisha aandike jina la mtoa wazo kwenye muhtasari wa kikao, na wazo likiokoa fedha, mwenyewe alipwe.