Kutu Ya Juu Haimtishi Fundi

Ukitoka hapa Pumwani ukaelekea Kamukunji, utazisikia nyundo toka asubuhi hadi jioni. Mafundi wa jua kali wanaponda madramu makuukuu wakitengeneza masanduku, toroli na majiko. Vipande vingi vina kutu nyekundu, lakini fundi havitupi. Hukwaruza, hugonga, husikiliza mlio, ndipo anaamua. Kwa maoni yangu, fundi huyo anatushinda akili sisi wengine ambao tukiona kutu tunakimbilia rangi.

Nguvu ya chuma iko katika unene uliobaki. Chukua bapa la milimita 10. Kutu ikila sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande, unene uliopotea ni asilimia 2 tu. Litakuwa jekundu vibaya sana, lakini kazi litafanya. Sasa ondoa kiasi hicho hicho kwenye bati la paa, ambalo halifiki hata nusu milimita. Si utaona nyota ukiwa kitandani!

Kuna hata chuma kinachoachwa kipate kutu makusudi. Kampuni ya U.S. Steel ya Marekani ilikitoa mwaka 1933 kwa jina Cor-Ten. Hutiwa shaba kidogo, kromiamu na vinginevyo, na kutu yake hushikamana ikawa kama ngozi inayopunguza kasi ya kuliwa. Jumba la Daley Center mjini Chicago, lililokamilika 1965, limevikwa chuma hicho bila rangi. Lakini ngozi hiyo yataka kunyeshewa na kukauka. Uwanja wa Aloha kule Hawaii, uliofunguliwa 1975, ulijengwa kwa chuma cha namna hiyo, na kwa hewa ile ya chumvi ya bahari kutu haikukoma.

Chuma chetu cha mtaani ni cha kawaida. Kutu yake hububujika magamba na kushika maji kama sponji. Basi mtu asije akasema eti ngozi itajijenga yenyewe!

Kinachonihangaisha ni minara ya matangi kwenye ploti zetu. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji peke yake ni tani nzima, na chini yake akina mama wanafua na watoto wanacheza kati. Vumbi jekundu huko juu si neno. Tazama mguuni, pale chuma kinapoingia kwenye saruji, na pale kilipochomelewa, mahali maji yanapotuama. Hapo ndipo huliwa, kisha mtu anapaka rangi ya fedha juu ya magamba, mnara unang'aa kama mpya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwenye ploti atasema fundi ni gharama. Kwani rangi hupewa bure? Kabla ya kopo kufunguliwa, mguu usuguliwe kwa brashi ya waya na kugongwa nyundo. Ukimeguka, ukatwe, kipande kipya kichomelewe. Wenzetu wa klabu ya sayansi wanaweza kuanza Jumamosi moja na mnara wa hapa shuleni, tangi likiwa tupu.