Vituko vya jukwaa la shule navyo viandikwe

Mhariri,

Makala kuhusu Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein inayohusu Vita vya Maji Maji na iliyochapishwa mwaka 1969, huchambua vita hivyo na kusahau vituko vilivyowapata wanafunzi walioiigiza shuleni. Nguo za mhusika mkuu, Kinjeketile, ambazo hutakiwa kuwa kavu atokapo mtoni, huwa zimelowa jasho. Ndevu za pamba, zilizobandikwa kwa uji wa muhogo, humdondoka anayeigiza mzee katikati ya hotuba. Naye mkumbushaji, yaani anayesoma maneno nyuma ya pazia ili kumwokoa aliyesahau, husikika kuliko mwigizaji mwenyewe. Kumbukumbu hizo, ambazo ni sehemu halali kabisa ya historia ya maigizo, zinastahili kupewa ukurasa gazetini wakati walioshiriki wangali hai.

Msomaji,
Morogoro