Mtunza bustani naye apande ndege

Mwaka 2018, mbegu za Karomia gigas, mmoja wa miti adimu kuliko yote duniani, zilitoka kusini mwa Tanzania zikapelekwa kwenye bustani ya mimea ya Missouri, Marekani. Nyingi hazikuota. Chache zilizoota zikalelewa hukohuko.

Ushirikiano huo tunauunga mkono. Tunachouliza ni nani anayesafiri pamoja na mbegu. Bustani za mimea zikibadilishana wafanyakazi, mara nyingi tiketi huenda kwa mtafiti mwenye shahada. Kazi yake hatuibezi: orodha ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoandaliwa na bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, pamoja na wataalamu wa kwetu ilianza kuchapishwa mwaka 1952, ikakamilika 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Lakini sampuli iliyokaushwa anayoichunguza mtafiti haihitaji kumwagiliwa. Anayejua mche umekataa kivuli au udongo umeshiba maji ni yule mwenye jembe, na barua ya mwaliko haimfikii.

Safari ziwe za pande zote mbili. Mtunza bustani wa Ulaya aje Amani, Muheza, kwenye bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Aione Saintpaulia, ua la zambarau linalopamba madirisha ya kwao, likiwa limeng'ang'ania mwamba wenye kivuli kwa udongo kiduchu. Ataelewa kwa nini lile la dirishani huoza likinyweshwa kupita kiasi. Kisha aonyeshwe mti wa Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi: ulipandwa na watu kwenye milima ya Usambara, iliko Amani, hondohondo wakala matunda na kusambaza mbegu, leo umevamia msitu wa asili. Somo hilo halifundishwi ndani ya banda la kioo, na walimu wake wako Amani.

Kwa hiyo masharti ya safari hizi yabadilike. Mwombaji apimwe kwa miche aliyoiotesha, si kwa mtihani wa Kiingereza. Mkalimani ni gharama ndogo. Mtunza bustani akae msimu mzima, maana wiki mbili ni utalii. Mshahara wake wa nyumbani usikatwe. Na akirudi apewe kitalu, viriba na vijana wa kuwafundisha, asirudishwe kufagia majani getini.