Ngano Isiyo na Moyo wala Masikio

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wahakiki na wahariri wetu kuichukulia ngano ya wanyama kama mfuko wa kubebea funzo: funzo likishatolewa, mfuko hutupwa. Makala haya yanaupinga msimamo huo kwa kurejelea ngano ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja.

Papa anamwalika kima kwao. Wakiwa baharini anamfichulia kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anadai kuwa jamaa zake huiacha mioyo yao mitini. Anarudishwa, anapanda mti, anaokoka. Vitabu vya picha vilivyozoeleka hukomea hapo, na chini ya picha ya mwisho huandikwa onyo kuhusu marafiki wabaya.

Ngano ya Unguja haikomei hapo. Papa anapomwita tena, kima anamsimulia kisa cha punda wa dobi: aliyeponyoka makucha ya simba, akabembelezwa na sungura, akarudi, akauawa. Sungura aliula moyo na masikio, kisha akamwambia simba kwamba punda huyo hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili. Kisa hiki si pambo. Ndicho jibu la kima, na ndicho kinachomwonyesha mtoto kwamba mnyonge anaweza kuisoma hali yake kwa kupitia hadithi.

Watetezi wa ufupisho hudai kwamba mtoto wa Adungosi, mwenye lugha ya Kiteso nyumbani na Kiswahili cha sokoni na cha madereva wa malori ya Malaba, hamjui papa, kwa hiyo ngano irahisishwe. Hoja hii ni dhaifu. Katika Panchatantra ya Kihindi mnyama huyo ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, iliyotafsiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa karne ya 8, ni kobe. Mnyama amebadilika kila alipovuka mpaka, na anaweza kubadilika tena Adungosi. Punda hakuachwa njiani. Zaidi ya hayo, kule moyo ulitakiwa kwa ajili ya mke. Fanani wa Unguja akaufanya wa kumponya sultani. Hilo ni badiliko zito: ugomvi wa nyumbani umekuwa swali kuhusu mamlaka yanayoishi kwa mioyo ya raia.

Mmarekani Paul Galdone alipochapisha The Monkey and the Crocodile mwaka 1969 alifuata jataka ya Kihindi, ambayo haina punda, hatumlaumu. Wa kulaumiwa ni sisi, tunaoiga umbo hilo huku tukiwa na ngano pana zaidi katika lugha yetu.

Twashikilia kwamba mhariri anayemwondoa punda anatenda kama sungura: anaula moyo wa ngano, kisha anatuambia kwamba fasihi ya watoto haikuwa nao tangu mwanzo. Na idara zetu zinazokubali jambo hilo bila kuchunguza, zikiiita fasihi hiyo nyepesi isiyostahili tasnifu, zimeitikia mwaliko kwa mara ya pili.