Umoja wa Watu wa Mbao

Watu wakikaa pamoja huzaa mambo. Tarehe 21 Januari 1892, watu sita walikuwa wakingoja gari moshi lililochelewa. Walikuwa Gurdon, mji mdogo wa jimbo la Arkansas, Marekani. Walizungumza juu ya kazi ya mbao. Wakati ule vyama vya mbao vilikuwa vingi, kila kimoja kivyake. Basi wakaanzisha chama kimoja cha udugu, wakakiita Hoo-Hoo.

Alama yake ni paka mweusi. Mkia wake umejikunja kama tarakimu 9. Wanachama hutakiana afya, furaha na maisha marefu. Chama hicho kipo mpaka leo.

Je, wapasua mbao wa kijiji chako wana umoja? Kidole kimoja hakivunji chawa.